Siku Fanuel Alipongoja Jua

Tangazo lilisema saa tisa alasiri. Aliyeliandika alikusudia jua likishazama.

Ndivyo Fanuel alivyopanga. Alikuwa fundi wa nguo kutoka Kendu Bay, na Wiki ya Mitindo pale Homa Bay ilimpa Jumamosi, siku ya mwisho, jukwaa lote lake. Lakini Jumamosi ni Sabato, na mama yake, Bathsheba, ni Msabato wa kupika Ijumaa na kula kiporo kesho yake kwa furaha. Maonyesho yote ya mwanawe yalikuwa Jumamosi mchana, kwa hiyo hakuwahi kuona hata moja. Alimwambia kijana, "Siku utakapongoja jua lizame, nitakuja nikae mbele kabisa."

Waandalizi walikataa kusogeza saa. Fanuel akacheka, akaniambia:

"Dorah, waache. Umewahi kuona mtu wa huku akifika saa tisa ya saa tisa? Wakijaa, Sabato imekwisha na mama ameshaketi."

Nilikubali. Mimi ni mtu wa Migori. Nauza mitumba siku za soko na kushika maikrofoni kwenye harusi za watu. Nimesimamia harusi ambayo keki ilifika kabla ya bwana harusi.

Kisha pikipiki ikamgonga Fanuel pale Rangwe, akitoka kununua vifungo. Tulimzika Kendu Bay. Wanamitindo wake wakasema onyesho litakuwepo, na ni mimi nitakayelitangaza kama alivyotaka.

Jambo ambalo hakuna aliyelifikiria ni kwamba sisi huchelewa kwa sherehe. Kwa msiba hatuchelewi. Kabla ya saa tisa ukumbi ulikuwa umefurika. Watu waliketi, kofia mapajani, kana kwamba wanangoja mwili uletwe.

Mama Bathsheba alikuwa nje, kwenye benchi kando ya mlango. Alikuwa ametoka kanisani, gauni lake jeupe halina hata kunyanzi. Nilimwendea.

"Ingia basi, mama. Ni kuangalia tu."

"Hapo mlangoni wanauza tiketi, nyathina, mwanangu. Leo siwezi." Akatazama juu. Jua lilikuwa kali bado. "Alisema atangoja."

Nikamwacha benchini, nikaingia.

Ndani, Bravin, msimamizi wa onyesho, alinikamata mkono. "Anza! Watu wamefika mapema mara ya kwanza tangu uhuru, halafu ni wewe unachelewesha?"

"Tungoje jua lizame. Mama yake hawezi kuingia kabla."

"Kwani jua limekata tiketi? Saa moja kamati ya harusi inaingia hapa na spika zao."

Nikachukua maikrofoni. Nilianza na mzee wa koti la kijani, safu ya pili. "Mzee wangu, hilo koti nililiuza mimi. Mwenye nalo Uropa bado analitafuta!" Wakacheka kidogo. Nikavitania vipara, nikavitania viatu vya dada mmoja vilivyomtangulia kufika. Nilitania mpaka koo likakauka, na dirishani mwanga haukusogea. Mwishowe mama mmoja akasema kwa sauti, "Dada, tumekuja kwa Fanuel. Hatukuja kwa mdomo wako."

Hapo nikauweka utani chini.

"Mama yake yuko hapo nje," nikasema. "Ni Sabato. Alimwahidi mwanawe kwamba atakuja siku ambayo Fanuel atangoja jua lizame. Mwanawe hayupo tena wa kungoja. Nimejaribu kuwashika kwa maneno, na maneno yamekwisha. Semeni nyinyi."

Kisha mzee yule, Oyaro, akasimama, akalivua koti lake, akalitandika kwenye kiti cha mbele tulichomwekea mama ili mtu asikikalie. "Tumekesha kwenye matanga ya watu tusiowajua," akasema. "Jua moja ndilo litatushinda?"

Bravin akafumba macho. "Sawa. Lakini nguo zitapita bila kusimama. Msinilaumu."

Tukangoja. Kina mama wakaanzisha wimbo wa kanisani, chini chini, na kutoka nje sauti ya Mama Bathsheba ikauitikia. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine. Mwanga ukatoka dirishani pole pole. Hakuna aliyekwenda kumwita. Aliingia mwenyewe, akalipakata koti la Mzee Oyaro, akaketi.

Nguo zikapita. Kulikuwa na makoti ya magunia ya sukari, na magauni yaliyokatwa kutoka kwa mapazia mazito aliyochagua Fanuel kwenye meza yangu huku akinilalia bei. Mwisho akaja msichana anayeitwa Terry na gauni la harusi la wavu wa kuvulia dagaa wa omena, refu, linaburuta. Mama hakupepesa macho. Wanamitindo wakapanga safu.

Mama akaniinamia nilipoketi kando yake. "Huwa inakwishaje?"

"Fundi hutoka pale nyuma ya pazia, mama. Anainama, watu wanampigia makofi."

Akalitazama pazia kwa muda. Kisha akainuka, akapanda jukwaani, akaanza kupita kwa mwanamitindo mmoja mmoja. Aligeuza pindo, akatazama mshono wa ndani, akapapasa kola, kama mzazi anayekagua sare ya mtoto asubuhi ya kufungua shule. Kamati ya harusi ilikuwa imefika mlangoni na spika zao. Wakazitua chini.

Kwa Terry alisimama zaidi. Uzi ulikuwa unaning'inia chini ya gauni.

"Huyu kijana," akasema, "nilimwambia tangu mdogo, akimaliza akate uzi."

Akainama kuukata kwa meno. Ukumbi mzima ukasimama kwa makofi, naye akageuka haraka kulitazama pazia, aone ni nani ametoka.