Aliyebaki kwenye Rimu ya Kushoto

Zulekha aliimwagia maji rimu ya mbele, upande wa kushoto wa gari la Octavian, akangoja tope jekundu literemke lenyewe. Hakuligusa. Ukifuta rimu yenye mchanga unaikwaruza klia, ile rangi angavu ya juu inayolinda mng'ao, na watu wa Nachingwea wana tabia ya kusugua rimu kwa stili waya kama sufuria la ugali, halafu ndiyo wanamjia Zulekha na vilio. Tope lilipoisha mikwaruzo ikajitokeza, myembamba kama nywele, na katikati yake alisimama mume wake akipunga kofia.

"Ndiyo huyo," alisema Octavian, mnunuzi wa korosho aliyehamia kutoka bara. "Yuko hapo toka masika. Nimeoshesha wee, hatoki. Leo mchana nina wageni, mama. Nisaidie."

Hakuna aliyeshtuka. Barabara ya kwenda Ruangwa ina mambo yake, na waosha magari wote wanayajua. Gari likimpita mtu mwenye shida bila kusimama, mtu yule hubaki kwenye klia. Na kwa kuwa wengi husimama pembeni, mkono wa kushoto, rimu za kushoto ndizo zinazoumia. Juzijuzi gari la harusi lilileta mzee na mbuzi wake mgonjwa, na Zulekha aliwaondoa wote wawili kabla bibi harusi hajamaliza kusukwa. Kazi ni kazi.

Lakini huyu alikuwa Rashidy.

Nyoka aina ya bafe alimuuma wakati wa palizi, shambani kwao Mandawa. Shemeji mtu, Hemedy, alimkokota mpaka barabarani wapate gari la kumwahisha hospitali. Zulekha alikuwa huku Nachingwea, na mvua ilikuwa imekata njia. Alipofika Mandawa walishamwosha, walishamzika, udongo bado mbichi. Uso wake hakuuona. Tangu siku ile kila gari lililoingia alilichungulia kwanza kushoto, na Felomena, muuza maandazi wa jirani, alimtania: "We Zulekha, umedondosha hereni huko chini?" Eda ilikuwa imekwisha. Kungoja hakukwisha.

"Ulimpitia wapi?" aliuliza.

"Mandawa. Alikuwa anapunga, mwenzake kamshika kiuno. Nikajua walevi tu. Nilikuwa nawahi kikao."

"Aliumwa na nyoka."

"Aa. Pole yake." Octavian akatazama saa. "Sasa itatoka?"

Zulekha akapitisha ukucha juu ya mikwaruzo. Ukucha ukikwama, mkwaruzo umeshuka chini ya klia, na hapo hakuna fundi. Alipitisha kifuani, akapitisha begani. Haukukwama. Rashidy alikuwa juujuu tu, wa kuondoka kwa kitambaa na dawa kidogo ya kung'arishia, na moyo ulimuuma kwamba alikuwa mwepesi kiasi hicho.

"Bosi, niachie hii. Nitakutafutia nyingine popote ilipo."

"Rimu zinakwenda nne, mama. Nyingine itajitenga tu. Hapana." Akaenda kukaa kivulini na simu yake.

Felomena aliinama sikioni. "Mkwaruze na msumari, shoga. Akishashuka chini hatoki tena. Hata gari liuzwe, utakuwa unajua yuko wapi."

Zulekha akaokota msumari. Alimtaka. Alitaka amweke hapo hapo, awe anamwona hata kwa kupitapita, hata kwa mwezi mara moja. Akamsogelea. Rashidy hakuwa anamtazama yeye, alitazama barabara. Pikipiki ilipopita nyuma ya Zulekha, akainua kofia juu, macho yakamng'aa. Ilipokwisha kupita, mkono ukalegea. Mguu wake ulikuwa umevimba, umefungwa kanga juu ya goti, nayo kanga ilikuwa ya Zulekha, ile iliyopotea kwenye kamba ya kuanikia. Ikapita pikipiki nyingine. Akainua tena.

"Huyu nikimgandisha, atapunga mpaka lini?" Zulekha alimwuliza Felomena. Msumari ukatupwa mtaroni.

"Baba Asmaa," alisema, mdomo karibu na rimu. "Teremsha mkono. Gari umeshapata. Umefika Nachingwea, uko kwako."

Rashidy akavaa kofia.

Zulekha akamwaga maji ya ndoo, akachota mengine, akachukua kitambaa kipya cha pamba. Akaanza upande wa kulia, kiganja, mkono, bega, kama walivyomfanyia Mandawa yeye akiwa hayupo. Akaja kushoto. Alizungusha kitambaa taratibu, duara ndogondogo, akasuuza, akarudia, akasuuza tena. Uso aliuacha mwisho. Kidevuni palikuwa na mahali ambapo wembe ulipakosa, palepale alipokuwa akiparuka kila siku, na yeye Zulekha akimwonyesha kwa kidole. Alimwonyesha. Alimtazama ashibe, asishibe, kisha akaweka kitambaa. Alipokiondoa, aliyebaki kwenye rimu alikuwa yeye mwenyewe, na jiko la Felomena nyuma yake.

"Safi! Kama mpya," alisema Octavian, akaondoka kuwahi wageni wake.

Wiki iliyofuata alirudi. "Mama, mwingine tena. Palepale kushoto."

Zulekha akamwaga maji, tope likateremka. Safari hii alikuwa mwanamke, mtoto mgongoni, mkono umenyooshwa.

"Wa wapi?"

"Malolo, nadhani."

"Anaitwa nani?"

"Nilisimama? Jina ningelijuaje?"

Zulekha akapitisha ukucha. Haukukwama. Akamwita Felomena, naye akaacha maandazi, akafungua kanga yake ya pili, wakalizungushia gurudumu, kwa sababu aliyekuwa akioshwa ni mwanamke. Octavian akaambiwa ageuke. Akageuka, akatazama saa.

"Fanyeni haraka kidogo, akina mama," alisema. "Nawahi Ruangwa."