Wageni Wenye Moshi Nyumbani kwa Lamzira

Mkwe wangu Lamzira alishasema: zabibu zikioza shambani mwaka huu tena, yeye anakwenda Italia kulea bibi wa watu, kama walivyokwenda wenzake wote. Na mimi namwelewa. Mwanangu, mumewe, yuko Poland anaendesha lori, kiuno changu ndicho hiki, na vibarua wa kuvuna hapa Kakheti, mkoa wa zabibu wa Georgia, siku hizi huwapati ila kwa hela ya maana. Basi akapaka rangi vyumba viwili, akatia picha kwenye mtandao. Wageni walale, walipe, hela ile iwalete vibarua.

Wakaja wawili, Maarten na mkewe Femke, kutoka Uholanzi. Sasa kwao huko, nasikia, bangi inauzwa dukani kama sukari. Nikawauliza, huku mmefuata nini, wanangu? Femke anajua Kirusi kidogo, na hapa kwetu Kirusi tunakijua tangu enzi za Wasovieti, akasema wamesoma mahali habari za nchi ambazo sheria ya bangi imelegea, na sisi tumo.

Imelegea kweli. Kwetu kuvuta, ruhusa. Kupanda, jela. Kuuza, jela. Yaani iwe mdomoni mwako lakini isiwe imetoka popote. Yao ilitoka wapi sikuuliza. Naona hata sheria haipendi kuuliza sana.

Shida ilikuwa Jondo, jirani yangu. Huyu ni polisi mstaafu, maisha yake yote alikuwa akikamata vijana kwa msokoto mmoja. Halafu kwenye karamu zetu yeye ndiye msemaji wa meza. Kila glasi ina neno lake, kwa amani, kwa marehemu, kwa akina mama; asiponena, hakuna anayeigusa. Jioni ile akanusa moshi barazani kwangu, akaja mbio.

"Nani anavuta hapa?"

"Wageni. Ruhusa siku hizi, bwana. Keti."

"Najua ruhusa! Nauliza mbona wanavuta kimya kimya kama wezi? Hakuna neno kwa marehemu? Hawana mama hawa?"

Akauchukua msokoto wa Maarten, akauinua juu kama glasi. Kwa amani! Akanena juu ya amani mpaka msokoto ukazimika. Ukawashwa, kila mtu pafu moja, tena kwa kusimama. Kisha kwa marehemu, na marehemu wa Jondo ni wengi, anawataja mmoja mmoja. Ukazimika tena. Maarten akanyoosha mkono.

"Tulia, kijana! Hatujafika kwa akina mama!"

Na moshi ule, kumbe, unaleta njaa. Kwetu sahani ya mgeni ikionekana chini yake ni aibu ya nyumba nzima. Sasa wao hawawezi kuacha kula, sisi hatuwezi kuacha kupakua. Ikaenda mikate ya jibini, zikaenda bilinganya za kujazwa njugu za jozi, wakaenda kuku. Lamzira akaninong'oneza, "Baba, amebaki jogoo tu."

"Basi jogoo."

Mwisho Jondo akasimama machozi yanamtoka. "Kuanzia leo hawa si wageni. Ni ndugu wa nyumba hii!" Tukabusiana wote, hata mimi, bila kufikiri.

Asubuhi Maarten akatoa pochi alipe. Jondo alikuwa amelala kwenye benchi letu, akafumbua jicho moja.

"Rudisha! Ndugu halipi. Unataka kututukana?"

Na neno kama lile likishasemwa mezani, limesemwa. Ningepokea hata senti, kijiji kingenicheka mpaka kaburini. Lamzira akaniangalia, akamwangalia Jondo, akaingia ndani. Nikasikia kitu kinaburutwa kutoka uvunguni. Nikajua ni sanduku la safari. Nikakaa chini.

Akatoka na kikapu cha mikasi ya zabibu.

"Vizuri," akasema. "Ndugu hawalipi. Ndugu wanavuna. Shamba lile pale."

Femke akamtafsiria mumewe, wakacheka, wakashika mikasi. Jondo akaanza kutafuta viatu vyake polepole, ajiendee kwake.

"Wapi, mzee Jondo? Si wewe uliyetufanya ndugu?"

"Mgongo wangu, binti yangu, mgongo..."

"Mgongo ulisimama usiku mzima kwa marehemu. Shika ndoo."

Wakavuna mpaka shamba likaisha. Safari ya nchi nyingine waliyopanga wakaiacha, na bangi yao nadhani waliisahau mfukoni, maana jioni walikuwa wanasinzia na kijiko mkononi. Zabibu zikakanyagwa, maji yake yakaingia kwenye mitungi iliyofukiwa ardhini. Lamzira akapiga simu Italia, nikamsikia: "Mtafutieni bibi yenu mtu mwingine. Mvinyo wangu umeanza kuchemka mitungini, siwezi kuwaachia wazee wawili hawa."

Halafu akamgeukia Jondo. Akamwambia wageni wengine wakija watalipa getini, kabla hawajakanyaga baraza.

"Getini?" Jondo akashika kifua. "Kabla hata hatujawa ndugu?"

"Kabla, mzee Jondo. Kabla kabisa."