Vyombo Vilipokuja Kuposa Bawa

Usiku wa jana niliota. Na kabla sijasimulia nilichokiota, naanza kwa jina la Mola aliyemlainishia Nabii Daudi chuma kikawa kama unga uliokandwa, akamtiishia Nabii Suleimani upepo ukamchukua alikotaka. Sala na amani zimfikie Mtume wetu, aali zake na sahaba zake. Amma baada ya hayo, niwaweke watu mahali pao, msikilizaji asije akapotea.

Wenye kisa ni watatu. Wa kwanza ni mimi, Maalim Mzamilu bin Shebwana, mkaazi wa Tanga, niliyesomesha Kurani na mizani za tungo kwa miaka arobaini, na ambaye sijapata kupanda juu kuliko mimbari. Wa pili ni mke wangu Mwanamkasi, ambaye hunyamaza mpaka awe na hakika ya jambo, na akishakuwa na hakika hunyamaza zaidi. Wa tatu ni kitindamimba wetu Batuli, fundi wa bati, aliyeziba matundu ya ndege za watu kwa miaka kumi na miwili katika kiwanja kidogo cha ndege, kisha akaazimia kuunda ya kwake.

Ndege hiyo ililetwa miezi mitatu iliyopita ndani ya sanduku la mbao, yote ya bati jepesi, vipande vipande, pamoja na kitabu cha maelekezo. Sanduku likawekwa uani, nasi tukawa tunalizunguka kila tuendapo kuteka maji. Batuli akaja kuomba radhi. Kwetu mtoto haanzi safari, nyumba wala ndoa bila radhi za wazazi, na za mama yake alizipata siku ile ile. Mimi sikukataa. Mtu aliyesoma hakatai, huuliza swali. Nikamwambia, "Nionyeshe kwanza vyombo utakavyotumia, tuvichague pamoja."

Akaniletea orodha. Nikairudisha. Akaleta nyingine, nikairudisha nayo. Jana baada ya Alasiri akanipa ya saba kwa mikono miwili, akasema, "Baba, hii ikirudi, nalirudisha sanduku lilikotoka. Sitakusumbua tena." Alisema kwa adabu, na ile adabu ndiyo iliyoniuma.

Nikasali istikhara. Na hapa nikatenda kosa ambalo ningemkemea mwanafunzi wa mwaka wa kwanza. Katika istikhara mja huitaja haja yake wazi mbele ya Mola wake. Haja yangu ilikuwa moja tu: mwanangu asianguke. Lakini niliona haya kuitaja hofu, nikataja vyombo. Nikaomba nichaguliwe vyombo, nikalala kwa ubavu wa kulia.

Basi nikaletewa vyombo.

Ni asubuhi, nami nimeketi barazani kwangu. Vyombo vimejipanga foleni tangu mlangoni hadi sokoni, vimevaa kanzu, vimenyoa vizuri. Vimekuja kuposa. Anayeposwa ni bawa la ndege. Bawa lenyewe liko chumbani na halitoki, kama ilivyo heshima.

"Hodi."

"Karibu."

Anaingia Keekee, kichwa kinamzunguka.

"Shikamoo, Maalim."

"Marahaba. Kazi yako?"

"Kutoboa."

"Umepata kutoboa mahali pasipotakiwa?"

"Mara moja tu."

"Lini?"

"Sasa hivi."

Naitazama kalenda ukutani. Jumanne ina tundu. Nachungulia, naiona Jumatatu imeketi mkekani inakunywa kahawa. Inanitazama kwa kuudhika, nami naiomba samahani.

Nyuma ya Keekee anaingia bibi mfupi aliyejitanda kaniki. Ndiye Kikwanguo. "Huyu mjukuu wangu akishatoboa," anasema, "mimi hufuata kusafisha ukingo. Tundu lenye makali huzaa ufa, na ufa hauna haraka, Maalim. Husubiri mpaka uko angani."

Anaikwangua Jumanne mpaka inakuwa laini. Kisha ananigeukia. "Fumbua kinywa."

"Kwa sababu gani?"

"Swali lako lina makali."

Analikwangua swali langu. Unga wa fedha unamwagika mkekani. Swali linabaki laini na zuri, ila dogo kiasi kwamba mimi mwenyewe silisikii.

Wanaingia Mikasi ya Bati, ndugu wawili. Mmoja hukata akipinda kulia, mwingine hukata akipinda kushoto, na kwa hiyo hawajakutana tangu walipotoka kiwandani. Mmoja anatoka kwa mlango huu, mwenzake anatoka kwa ule.

"Na wa kukata wima yuko wapi?" nauliza.

"Wa wima ni marehemu," wanajibu, kila mmoja akiwa mtaa wake. "Alikwenda moja kwa moja."

Namsomea Fatiha.

Kisha, bila hodi, wanaingia Vibanio. Kibanio ni kitu cha ukubwa wa kidole. Kazi yake ni kuyabana mabati mawili yasisogee, mpaka ribiti, yaani vile vijimisumari vya kuyaunganisha, zipigwe. Wanaketi safu kwa safu, mabega yakigusana, wala hawapigi kelele. Nimesomesha miaka arobaini na sijapata kuona darasa kama hilo.

"Mko wangapi?"

"Mia tatu, Maalim."

"Wengi mno."

"Hatujapata kutosha," anasema mmoja wao, "katika historia."

"Nanyi mnafanya nini hasa?"

"Tunashikilia lisiloamuliwa."

Wanatazamana. Kisha wote mia tatu wananitazama mimi.

"Maalim hajaamua," anasema yule msemaji, na kabla sijamjibu wamenipanda. Wananibana upindo wa kanzu, mikono, ndevu, na mmoja ananibana kivuli. Hawaumizi. Wananibana kwa heshima, kila mmoja akisema "Samahani, Maalim," hata samahani mia tatu zikatimia.

Natazama chini, naona baraza limekwisha kuwa bawa. Sioni ajabu. Bawa liko juu ya mji, nami nimebanwa juu yake kama nguo iliyoanikwa. Chini kabisa naliona paa letu, na Mwanamkasi anapepeta mchele. Hanyanyui uso. Ana hakika.

Mbele yangu ameketi kadhi. Ni Spana ya Kipimo, mrefu, mwembamba, ana mshale kifuani unaoonyesha nguvu inayokaza. Nati inapofikia kipimo chake husema "ta!" na hapo hapana ruhusa ya kuongeza.

"Maalim Mzamilu," anasema kadhi, "umeletewa orodha saba. Ya kwanza ilikuwa na kasoro gani?"

"Ndefu."

"Ya pili?"

"Fupi."

"Ya tatu?"

"Iliandikwa kwa wino wa kijani."

Vibanio wanaguna. Kadhi anawanyamazisha kwa "ta" moja ndogo.

"Ya nne?"

"Vyombo havikupangwa kwa mizani. Mstari mmoja ulipungua silabi mbili."

"Ya tano na ya sita?"

"Hazikuwa na kasoro," nasema, maana mbele ya kadhi mtu hasemi uongo hata usingizini. "Hizo ndizo zilizonitisha zaidi. Mtu mwenye orodha isiyo kasoro ataunda kweli. Na akiunda ataruka."

Kadhi anashuka kitini. Ananishika bega, ananipima. Mshale kifuani mwake unapanda, unapita alama nyekundu, unazunguka, unarudi tena mwanzo.

"Watu hudhani chombo huanguka kwa kulegezwa," anasema. "Kinacholegea husikika, hupiga kelele, kikakazwa. Kinachokatika ni kile kilichokazwa kupita kipimo. Maalim, umemkaza binti yako mara nne ya kipimo. Bado nusu mzungusho akatike."

"Nimlegeze vipi?"

"Mimi hukaza tu. Kulegeza si kazi yangu. Kesi imeahirishwa." Na anajikunja akawa mstari, upepo unamchukua.

Hapo anatokea Batuli, anatembea juu ya bawa kama anayetembea sebuleni, amevaa nguo za kazi, mkononi ana nyundo ya upepo inayopumua. Anapiga magoti.

"Shikamoo, Baba."

"Marahaba, mwanangu. Unafanya nini huku juu?"

"Napiga ribiti. Wewe je?"

"Nachagua vyombo."

"Vyombo ninavyo," anasema. "Baba, ribiti haipigwi na mtu mmoja. Mmoja hukaa nje akagonga. Mwingine huingia ndani ya bawa, akashikilia chuma kizito nyuma yake, ribiti ipate kuota kichwa cha pili. Hawaonani. Nje akigonga na ndani pakiwa hapana mtu, ribiti hupenya tu ikaanguka. Nimetafuta mtu wa ndani miezi mitatu."

"Mbona hukumwandika katika orodha?"

"Hauzwi dukani."

Kibanio mmoja anajiachia ndevuni mwangu, kisha mwingine, mpaka nasikia mia tatu wakishuka mmoja mmoja na kurudi safuni. Naingia ndani ya bawa. Ni pembamba, jeupe, linanukia sabuni ya kanzu mpya.

"Chuma sina!" napaza sauti.

Kutoka nyumbani inapanda pasi ya mkaa ya Mwanamkasi. Haina moto, kifuniko kimefungwa. "Miaka thelathini nimekunyooshea," inasema. "Leo nishike na mimi nikunje kitu."

Naishika kwa mikono miwili, naiegemeza mahali pa ribiti. Sauti ya Batuli inanijia kupitia bati: "Baba, nikimaliza mpigo, wewe ndiwe unayeona. Ukigonga mara moja, narudia. Ukigonga mara mbili, imekaa, tunakwenda ya pili."

Anapiga. Mtetemo unanipanda kutoka kwenye pasi mpaka kwenye meno. Natazama: ribiti imekaa vizuri kabisa, mviringo, kama kishikizo. Nagonga mara moja.

Anarudia. Nagonga mara moja.

Anarudia.

"Maalim," inasema pasi, "hii sasa ni sahani."

"Nahakikisha."

"Unaichosha. Na mimi unanitoboa."

Nje Batuli amesimama kimya, nyundo juu, anasubiri. Haniulizi. Hajui nilichokiona, anajua tu nitakachogonga. Naisikia pumzi yake upande wa pili wa bati, bati jembamba kuliko ukurasa wa msahafu. Nikafahamu kwamba kama nitagonga mara moja tena, ataipiga tena, na tena, mpaka bati litoboke, kwa kuwa mimi ndimi niliyemwambia.

"Ribiti ya pili!" nasema. "Ilete ya pili!"

Anapiga. Naitazama. Nasema bismillahi, nagonga mara mbili.

Na bawa zima likapiga kelele ya furaha kwa matundu yake yote, na mimi nikaamka.

Muadhini alikuwa anaita Alfajiri. Nikaswali msikitini, nikarudi nyumbani jua likichomoza, viganja vyangu vikiwaka moto. Mwanamkasi alikuwa ukumbini anapiga pasi kanzu yangu ya Ijumaa juu ya meza. Akaipitisha pasi kifuani mwa kanzu, akasita, akaipitisha tena.

"Maalim, njoo uone."

Kwenye kitambaa cheupe palikuwa na kijiduara, kama punje ya mtama. Akaigeuza pasi. Katikati ya uso wake palikuwa na shimo dogo, mviringo, ukingo wake laini kama uliosafishwa.

"Jana haikuwa hivi," akasema.

"Haikuwa," nikasema.

Akanitazama. Akanyamaza. Kisha akanyamaza zaidi.

Batuli akaingia na kikombe cha chai yangu, akaamkia, akaketi ukingoni mwa mkeka. Macho yake yalikuwa kwenye orodha ya saba niliyokuwa nimeikunja mkononi. Hakuuliza. Nilitaka kusema mengi, na maneno yamekuwa kazi yangu maisha yote, lakini kila nililolishika lilikuwa na makali. Nikanyoosha kidole, nikagonga meza mara mbili.

Batuli akaganda. Kikombe kikalia kwenye kisahani.

"Baba. Nani amekufundisha ishara hiyo?"

"Nilisali istikhara."

"Uliomba nini?" akauliza mama yake.

"Vyombo."

"Ukapewa nini?"

"Kazi," nikasema. "Nimepewa ya ndani ya bawa. Radhi zangu unazo, mwanangu, tangu leo na kabla ya leo. Ni mimi niliyechelewa kuzitoa. Na orodha yako sijaisoma wala sitaisoma. Fungua sanduku."

Akacheka huku analia. Akanibusu mkono, akaona kiganja kilivyovimba, akakigeuza na kukitazama kwa jicho la fundi. "Kesho," akasema, "usikibane chuma sana, Baba. Kiache kiruke kidogo."

Nikamwambia nimekwisha kuambiwa.

Ewe Mola unayewashika ndege wanapozitandaza na kuzikunja mbawa zao, mshike Batuli siku atakayokuwa juu, na ribiti zake zote zikae. Nasi tutakaobaki chini, mimi na Mwanamkasi na kila mwenye wake angani, tujaalie shingo zisizochoka kutazama, masikio yatakayoisikia injini ikirudi, na nyoyo zilizokazwa kwa kipimo chake, bila ya nusu mzungusho zaidi. Amina.