Ndege Ilizunguka Mahameni

Barabara ya kwenda Singida ilikuwa imekatwa na mto, na Yunisi, binti wa Mwenyekiti Simeoni, alikuwa siku ya pili katika uchungu. Mkunga, Mama Stumai, hakuficha kitu.

"Maji yamezidi unga, Mwenyekiti. Mtoto amekingama tumboni. Huyu anataka kisu cha daktari."

Basi alfajiri Simeoni alipanda baiskeli hadi misheni yenye redio, akaongea na rubani aliyekuwa Dar es Salaam. Kwa ndege, rubani alisema, ni mwendo wa saa mbili na nusu tu. Ila mafuta yangetosha kufika, kumpakia mgonjwa na kumpeleka Dodoma, si kuranda angani.

"Uwanja ni mzima?" rubani aliuliza.

"Mzima kabisa! Tumeufyeka wenyewe."

Simeoni alirudi kifua mbele. Siku hizi Dar ni jirani, aliwatangazia watu, na watu wakaitikia. Wangefanyaje? Huyu ndiye aliyewahamisha mwaka jana kutoka ng'ambo ya kilima, wakati wa Operesheni Vijiji, kwa mgambo na viberiti. Wakafukuza ng'ombe uwanjani, wakatandika shuka jeupe, wakawasha majani mabichi ili moshi uonekane. Wingu zito lilikuwa limelalia mawe ya kilimani. Luciana, mke wa Simeoni, alikuwa akitoka, anatazama juu, anarudi ndani kwa binti yake.

Hatimaye mngurumo ukasikika. Wanawake wakapiga vigelegele.

Lakini mngurumo haukuja. Ulibaki nyuma ya kilima, ukazunguka, ukazunguka tena, kama mwewe juu ya uwanja usio na vifaranga. Vigelegele vikakatika kimoja kimoja.

"Mbona inazunguka kule?" akauliza Laurenti, jirani wa Simeoni. "Kule si mahame?"

Simeoni akageukia kilima. Kule kulikuwa na uwanja wa zamani wa kijiji walichokihama, na ramani ya rubani ilichorwa kabla ya kuhama. Nani alikuwa amepeleka Dar habari za kuhama? Sasa hivi yule rubani alikuwa anaona kuta zilizoungua na vichaka katikati ya uwanja, wala hakuna mtu wa kumpungia mkono.

"Ongezeni moshi!" alipiga kelele. Alivua shati akalipunga, akakimbia huku na huko akiita ndege kama anaita mtu. Hofu ilikuwa imemvua uenyekiti wote. Moshi nao ulikataa kupanda, ukatambaa chini ya wingu. Kutoka mahameni hadi hapa, kwa ndege ni kufumba na kufumbua. Kwa miguu ni asubuhi nzima, na Simeoni aliijua vizuri njia hiyo, maana ndiye aliyewapitisha vikongwe na watoto huku akiwaambia si mbali.

Mngurumo ukapanda, ukageukia mashariki, ukafifia.

Luciana akatoka nje. "Baba Yunisi, mbona siisikii tena?"

"Imerudi."

"Imerudi vipi? Hukuwaambia kwamba tulihama?"

Watu wote walikuwa wakimtazama, wale wale aliowachomea nyumba, na hakuna aliyemcheka. Afadhali wangecheka. Ndipo Mama Stumai akaita kutoka ndani, kwa sauti ya chini, akimtaka Luciana aje peke yake.