Springi ya Kushoto

Kwa miaka kumi na miwili nilisema Gibson ndiye aliyemuua mdogo wangu Masatu. Nilisema msibani Nyegina, udongo wa kaburi ukiwa bado mbichi. Nikasema kwenye mikutano ya kijiji, kwenye kikao cha madereva stendi ya Musoma, hata kwenye harusi mbili. Nikipewa nafasi ya kuuliza swali la barabara, nilianza na barabara nikamalizia na Gibson, fundi wa Butiama, aliyemkatia Masatu springi za nyuma za Corolla ili gari likae chini. Kwenye kona ya tatu ya uwanja wa mashindano, pale kiwanda cha pamba kilichokufa nje ya Bunda, gari liliruka, springi ya kushoto ikachomoka mahali pake, gari likapinduka mara tatu.

Mwaka huu binti wa Masatu, Stellah, alilinyoosha bati gari lilelile. Akataka kushindana uwanja uleule. Nilikataa. Alinisikiliza kwa heshima zote, akaitikia, halafu akaenda kununua helmeti.

"Kama lazima uende, springi nachagua mimi," nikamwambia.

"Baba mkubwa, wewe utanifungia za lori."

Hakukosea sana. Nilifunga za nyuma za Probox, ngumu, ndefu. Ufundi sikufundishwa na mtu, nimejifunzia kwenye michomoko, zile gari ndogo zinazotoka Bugwema na abiria tisa na magunia ya dagaa juu yao. Huku kwetu springi nzuri ni ile isiyolala. Kuipima, tunapakia. Nikatupa magunia manne ya mchanga nyuma, gari likakaa sawa, mkono wangu ukapita vizuri kati ya tairi na bati. Nikaridhika. Nikashusha mchanga. Hilo la kushusha sikulifikiria hata kidogo. Nilikuwa naogopa gari kukaa chini, basi. Hofu nyingine sikuwa na nafasi nayo.

Siku ya majaribio, Stellah peke yake ndani, nyuma tupu, gari lilirukaruka kila penye jiwe. Kona ya tatu magurudumu ya nyuma yote mawili yaliacha ardhi. Niliona mwanga chini yake. Nikapiga kelele asimame.

Alirudi anacheka.

"Baba mkubwa, umenipakizia abiria tisa wa hewa. Hii gari inaelea. Naenda kwa Gibson."

Ijumaa tukawa Butiama. Gibson amezeeka, kichwa chote cheupe. Hakunipa mkono.

"Karibu, Mzee Nathanieli. Leo umekuja bila kipaza sauti?"

Stellah akaficha kicheko. Mimi nikakaa kwenye tairi bovu.

Gibson alitoa zile springi zangu, akarudisha za Corolla yenyewe, laini. Akamwambia Stellah aingie, avae na helmeti, tanki libaki nusu.

"Gari linapimwa na kile kitakachokuwemo siku yenyewe. Kwani atashindana na mchanga?" Akapima kwa vidole kati ya tairi na bati. "Bado iko juu, itayumba kwenye kona. Nakata mzunguko mmoja." Akashika grinda.

"Usikate!"

Aliishusha grinda. "Mzee, springi kukatwa peke yake haiui mtu. Inayoua ni springi fupi kwenye shokapu ndefu. Gari likiruka, gurudumu linaning'inia, springi inabaki haijabanwa, inatoka. Nikikata nainua kwa jeki mpaka gurudumu lining'inie, naishika. Ikigoma kuzunguka, sawa. Ikizunguka mkononi, hiyo gari haiendi popote. Na kesho akishapiga raundi za mazoezi, springi zikishakaa, inua tena ushike. Mimi uwanjani siji. Umeshaniharibia jina huko."

Grinda ikalia. Alipoinua, nilishika. Zote mbili ziligoma.

"Hata Masatu nilimwambiaga hivihivi," Gibson alisema, anajifuta mikono. "Nikamwambia, baada ya mazoezi kaka yako ainue, ashike. Sijui kama mlishika."

Nikamwambia Stellah tuondoke.

Tulishika. Siku ile ya Masatu, mimi nilishika. Ya kushoto ilizunguka vidoleni mwangu kama pete kwenye kidole cha mtu aliyekonda. Kipaza sauti kilikuwa kinaita namba yake, watu wa Nyegina wamekuja na filimbi, Masatu ananichungulia dirishani, meno yote nje: "Vipi, kaka?" Nikamwambia iko poa.

Jumamosi asubuhi Stellah alipiga raundi tatu za mazoezi. Gari lilikaa chini, likakata kona ya tatu kama lina reli. Watu walishangilia. Alisimama karibu yangu, akashuka akabaki mlangoni, injini inanguruma, nikaingiza jeki. Mikono ililowa jasho mpaka mpini ukateleza. Nikashika ya kulia. Iligoma. Nikahamia kushoto, nikalala chali, nikapeleka vidole.

Kipaza sauti kiliita namba yake. Filimbi za Nyegina zikaanza.

"Baba mkubwa, vipi?"

Niligusa tena, nikiomba igome.

"Inazunguka," nikasema.

"Kidogo?"

"Inazunguka, mama. Na ya baba yako ilizunguka. Niliishika kwa mkono huuhuu, nikamwambia iko poa."

Sikuona uso wake, niliona viatu tu. Havikusogea. Namba ikaitwa mara ya pili. Nilingoja kishindo cha mlango, nilingoja anikanyage vidole. Nilichosikia ni injini kuzimwa.

Nilipotoka chini alikuwa ameshavua helmeti, ameikumbatia. Watu walikuwa wanapiga kelele wakimwita aingie. Hakuwatazama. Akanipa simu yake, namba imeshabonyezwa.

"Mwambie Gibson wewe mwenyewe," alisema. "Weka na sauti kubwa. Hawa watu wote ulishawaambia lile lingine."

Simu ikaanza kuita.