Alichokiona Mkamwana Bafuni

Sekela ndiye aliyesugua bafu la nyumba ile ya Buguruni kila asubuhi, kwa hiyo ndiye aliyejua. Michirizi ya damu ilikuja, ikapotea wiki kadhaa, ikarudi. Hakuhitaji kuuliza ni ya nani. Edgar, mumewe, alikuwa safarini na lori, na mtu mzima mwingine nyumbani alikuwa baba mkwe tu, Mzee Mwaisaka.

Shida ni kwamba wao ni Wanyakyusa wa Kyela, na mzee alishika mila. Mkamwana haongei na baba mkwe, wala hamtazami usoni. Miaka yote Sekela alitenga chakula mezani akajiondokea kabla mzee hajaketi. Sasa angeanzia wapi kumweleza habari za mkojo wake?

Akampigia Edgar simu. Edgar akampigia baba yake, mzee akasema ni kiuno tu kinamuuma. Basi Edgar akamwomba mkewe ampeleke hospitali kwa hicho hicho kiuno. Sekela alichoka hata kubishana.

Hospitalini, huko Temeke, walikaa benchi moja wakaacha nafasi ya mtu mzima katikati. Walipoingia kwa daktari, Sekela alisimama nyuma ya kiti cha mzee, uso kaelekeza ukutani. Daktari Nusaiba, dada wa sauti ya taratibu, aliuliza tatizo ni nini. Mzee akataja kiuno, akataja uzee. Daktari akasema atampa dawa ya maumivu, na Sekela akasikia karatasi ya dawa ikichanwa.

"Daktari," akauambia ukuta, "huyu mgonjwa anakojoa damu. Nimeiona mie, naoshaga bafu."

Kiti cha mzee kikatoa mlio. Sekela akatamani ardhi ipasuke immeze. Daktari aliuliza kama ni kweli, akauliza tena. Feni iliendelea kulia juu ya vichwa vyao.

"Mwambie mama wa wajukuu zangu akae," mzee akasema mwishowe. "Amesimama sana."

Sekela akaketi nyuma yake, na mzee akaanza kujibu, kwa sauti ya mtu anayetua mzigo. Sigara alivuta tangu ujanani. Kiwandani alifanya kazi chumba cha kutia nguo rangi, mikono mitupu. Utotoni waliogelea kwenye majaruba ya mpunga, wakapata kichocho, na watoto wote waliona ni jambo la kawaida. Kaka yake alikufa kwa saratani ya kibofu.

Daktari alisema hawajajua bado kama hii nayo ni saratani. Watachungulia kibofu kwa kamera ndogo. Na hata ikiwa ndiyo, hakuna awezaye kusema ni lipi kati ya hayo lililoianzisha.

"Kwa hiyo iko kwenye damu yetu," mzee akasema. "Na Edgar je?"

"Ukoo unaweza kuchangia, baba, lakini sigara inachangia zaidi. Huyo Edgar anavuta?"

Mzee hakujua. Mtoto havuti mbele ya baba yake.

"Anavuta," Sekela akasema, macho sakafuni. "Huko barabarani, sana."

 Mzee, bila kugeuka, akanyoosha mkono nyuma ya kiti.

"Sekela," akasema. "Nipigie huyo mtoto. Nitaongea naye mwenyewe."

Sekela akampa simu yake, ikiwa tayari inaita.