Chuma Ampongeza Mwenzake

Mwalimu wa ngumi alipotangaza kwamba atakayekwenda kwenye mashindano ya ng'ambo ni Sindano, ukumbi mzima ulilipuka. Mabondia wakamrusha juu, wakamdaka, wakamrusha tena. Chuma, aliyekuwa akipanga naye chumba kimoja kwa miaka, alipiga makofi huku akicheka jino pembe. Kijiba cha roho kilikuwa kimemjaa.

"Na wewe Chuma, mpongeze mwenzio," Mwalimu alimwambia.

"Nitampongeza ulingoni."

Watu wakaangua kicheko. Sindano naye akacheka, akavaa glavu, akamfuata. Yalikuwa mazoezi tu. Kupimana ubavu ilikuwa kazi yao ya kila siku. Lakini konde la kwanza la Chuma lilimpasua mwenzake juu ya jicho. La pili lilizama mbavuni, Sindano akatoa sauti kama tairi linalotolewa upepo. Kengele ikagongwa. Sindano akashusha mikono, akageuka kutafuta maji. Hapo hapo Chuma akamtandika la taya kwa nguvu zake zote. Mfupa ukalia kwach, damu ikawarukia waliokaa mbele.

Mwalimu akapanda, akamzaba Chuma kibao, kisha akamvua glavu.

"Umemkatia mwenzio safari. Na wewe huendi. Toka!"

Chuma alijifungia chumbani, akawa anakitazama kitanda kitupu cha mwenzake mpaka akashindwa. Akapiga moyo konde, akaenda hospitali. Sindano alikuwa amefungwa taya kwa waya, uso umemvimba, jicho moja halifunguki.

"Ndugu yangu," Chuma alianza, "nimekuja..."

Sindano akamwashiria asogee. Chuma akainama, akidhani anataka kumnong'oneza jambo. Ngumi ya kushoto ikachomoka chini ya shuka, fupi, ikamkuta mdomoni. Akaenda chini pamoja na meza ya dawa. Muuguzi akaja mbio, akipiga mayowe.

Chuma alijiinua, akaketi sakafuni, akatema jino kiganjani. Hasira haikumjia. Makonde ya kila aina alikwisha kuyala, lakini hili hakuliona hata lilikotokea.

"Mwalimu hakukosea," alisema, damu ikimchuruzika kidevuni. "Alimchagua bondia. Hongera, ndugu yangu. Mara hii pongezi zinatoka moyoni."

Sindano alimtazama kwa lile jicho lake moja. Chozi likamtiririka hadi kwenye waya. Kisha akajigeuza polepole, akaelekea ukutani, akampa mgongo.